Uzito wa Frasila Mbili: Kujifunza Historia kwa Vitendo katika Njia ya Misafara, kutoka Gongoni hadi Kwihara



Ilipotangazwa kwamba mhadhara wa mwaka huu utahusu ufundishaji wa historia, baadhi ya wenzangu walistaajabu, kwa kuwa wananijua kuwa mtu wa isimu. Nakiri kwamba shamba hili ni la jirani yangu. Hata hivyo, mashamba yetu mawili yana mpaka mmoja, na mpaka huo ni neno. Mwanahistoria hawezi kumhoji mzee bila maneno, na mwanaisimu hawezi kueleza maana ya neno bila kujua lilikopita.

Mhadhara huu una sehemu tano. Kwanza nitaeleza mahali tulipofanyia kazi. Pili, nitaonesha namna msamiati unavyoweza kuwa ushahidi wa historia. Tatu, nitasimulia zoezi la kubeba mzigo. Nne, nitazungumzia kosa nililolifanya mimi mwenyewe na somo nililolipata. Mwisho nitatoa mapendekezo machache.

1. Mahali na njia

Mwaka 2006 nilifuatana na kikundi cha wanafunzi wa historia wa shahada ya kwanza hadi Tabora. Tulifikia Gongoni, nasi tukaifanya kata hiyo kuwa kituo chetu. Asubuhi tulitoka kwenda kuzungumza na wazee, na jioni tulirejea kulinganisha madaftari. Ilisadifu kwamba mwaka huohuo Tanzania iliiingiza njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya maeneo inayopendekeza yawe urithi wa dunia. Kwihara, iliyo kilomita chache kutoka mjini Tabora, ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Sina haja ya kueleza kwa kirefu umuhimu wa Tabora. Burton na Speke walipofika Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, Novemba 1857, walikuwa wamesafiri kutoka pwani kwa zaidi ya miezi minne, na waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga na kustarehe. Hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Agosti 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliushambulia mji huo. Chanzo kimojawapo cha vita kilikuwa mzozo kuhusu njia ya kwenda Ujiji na malipo ya kupita. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti. Na Oktoba 1873 Susi na Chuma, pamoja na wenzao, walipita hapohapo wakiwa wameubeba mwili wake kuelekea Bagamoyo.

Wanafunzi wangu waliyajua haya yote. Walikuwa wameyasoma, wameyakariri na wameyafanyia mtihani. Lakini nilipowauliza siku ya kwanza, tukiwa tumeketi chini ya mwembe, mpagazi alikuwa nani, karibu wote walinijibu kwa sauti moja kwamba mpagazi alikuwa mtumwa aliyefungwa minyororo na kubebeshwa pembe. Nilipowauliza wamelipata wapi jibu hilo, walisema liko kwenye vitabu. Nilipowaomba wanitajie kitabu kimoja, wakatazamana.

Ndugu zangu, hilo ndilo linalonileta hapa. Jibu lile si kosa dogo la mtihani. Linawafuta maelfu ya watu waliokodishwa kwa ujira, waliobishana juu ya posho yao na waliokuwa na ufundi wao na fahari yao. Aidha, linawafuta kwa namna nyingine wale waliokuwa watumwa kweli, kwa kuwa ukimwita kila mbeba mzigo mtumwa, huwezi tena kumtambua mtumwa mwenyewe.

2. Msamiati kama ushahidi

Zoezi letu la kwanza halikuhitaji vifaa. Kila mwanafunzi alipewa neno moja la misafara na kuambiwa akae nalo siku tatu: alitafute katika kamusi, aliulize kwa wazee, alisikilize sokoni, kisha atueleze limetoka wapi na limefika wapi.

Aliyepewa neno hongo alikuwa wa kwanza kurudi na swali. Leo hongo ni rushwa, na mtu akilitamka hutazama nyuma. Lakini katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo aliyotozwa kiongozi wa msafara na mtemi wa nchi anayoipita, yakalipwa kwa nguo, shanga au waya, mbele ya watu wote. Alitozwa kwa sababu alikunywa maji ya nchi ile, alipita katika ardhi yake na alihitaji usalama wake. Maana ya neno imeshuka hadhi. Swali la mwanahistoria ni hili: nani aliishusha? Msafiri aliyelazimishwa kulipa aliliona jambo hilo kuwa unyang'anyi. Mtemi aliliona kuwa haki ya utawala wake. Utawala wa kikoloni ulipowanyang'anya watemi haki hiyo, mtazamo uliodumu ulikuwa wa mlipaji. Hivyo kila tunapotumia neno hongo kwa maana ya leo, tunasema kwa kinywa cha upande mmoja wa ugomvi ule.

Aliyepewa posho aligundua kwamba chakula cha kila siku cha mpagazi, au nguo ya kununulia chakula hicho, ndicho kilichozaa posho ya mtumishi wa serikali anayekwenda semina. Kwa jirani zetu wa Uganda neno hilohilo limekuwa jina la ugali wenyewe. Aliyepewa mnyapara alitueleza kwamba Wanyamwezi walimwita hivyo mzee, mtu mzima wa kuheshimiwa, na kwamba katika misafara wanyampara walikuwa viongozi wa makundi ya wapagazi. Leo mnyapara ni msimamizi wa vibarua au wafungwa. Aliyepewa ikulu alifurahi kuliko wote, maana aligundua kwamba jina la makazi ya Rais wetu limetoka katika Kinyamwezi, ambamo ikulu ni makao ya mtemi, na kwamba wasafiri wa karne ile walikuwa wakiandika jina Kwikuru kwa makao ya mtemi wa Unyanyembe.

Neno mpagazi lenyewe lina mzizi mmoja na kitenzi pagaa, yaani kuchukua mzigo begani. Kitenzi hichohicho hutumika kwa pepo aliyempanda mtu, na tunasema kwamba mtu huyo amepagawa. Mwanafunzi aliyepewa neno hili aliandika katika daftari lake kwamba mzigo humshika mtu kama pepo. Nilimwambia hiyo ni tafsiri yake, si etimolojia. Hata hivyo, sikuifuta.

Hapa nataka kutoa tahadhari. Maneno ni mashahidi, na shahidi hana budi kuhojiwa. Mjini Tabora utasimuliwa kwamba jina la mji limetokana na matoborwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Ni simulizi nzuri, nami nimeisikia mara nyingi. Lakini mwanafunzi wa lugha sharti aulize: kiambishi ma- kimekwenda wapi? Irabu o imekuwaje a? Je, ipo mifano mingine ya badiliko kama hilo katika majina ya nchi ile? Vivyo hivyo kwa Gongoni. Kiambishi tamati -ni ni cha mahali, hilo halina shaka. Lakini pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, nako kuna Gongoni. Je, jina limesafiri na watu, au mahali pawili pameitwa vivyo hivyo kwa sababu ya umbile la ardhi? Wanafunzi walipewa maswali hayo bila majibu, na wakatakiwa kuandika ni ushahidi wa aina gani ungetosha kuamua. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kukariri jibu.

3. Mzigo

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Zoezi la pili lilikuwa la kuupima ukweli wa methali hiyo.

Vipimo vya misafara vinajulikana. Frasila moja ni takriban kilo 16, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Tulijaza mchanga katika viroba, tukavipima kwa mizani ya mchuuzi wa nafaka, tukavifunga kwa kamba za katani. Kisha tukaanza safari kwa miguu kutoka Gongoni kwenda Kwihara, tukipokezana. Kijana mmoja, mwenye mwili mkubwa na maneno mengi, alisema hana haja ya kupokewa. Kabla hatujatoka mjini alikuwa ameuhamisha mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto mara nyingi, na maneno yamekwisha.

Sikukusudia kuwachosha. Nilitaka wapate maswali ambayo kitabu hakikuwapa. Nayo yalikuja, tena njiani, mmoja baada ya mwingine. Nani aliamua msafara upumzike wapi? Mtu alikula nini ili aweze kubeba hivi kwa miezi mitatu? Akiugua, mzigo wake nani aliubeba? Alilipwa kabla au baada? Kwa nini akubali? Na yule aliyekubali mwaka huu, kwa nini arudi mwaka ujao?

Tuliporejea Gongoni jioni, mabega yakiwa yamevimba, wanafunzi waliomba vitabu. Katika miaka yangu ya kufundisha ni mara chache nimeombwa vitabu na wanafunzi waliochoka. Tulikuwa na nakala ya Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia yeye mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa kazi ya Heinrich Brode, na baadaye kutolewa tena na W. H. Whitley mwishoni mwa miaka ya 1950. Tulikuwa pia na Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Wengi wao walikuwa wamesoma habari za Stanley kwa Kiingereza, lakini hakuna aliyewahi kufungua kurasa hizo za Kiswahili. Walishangaa kwamba msafiri wa njia ile aliwahi kuandika kwa lugha yao.

Kutoka hapo picha ilianza kubadilika. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kukodiwa, waliolipwa kwa nguo na kupewa posho. Walikuwa wakipeleka pembe pwani wao wenyewe, na kwa kijana, safari ya pwani ilikuwa sehemu ya kuwa mtu mzima. Kirangozi aliyetangulia na bendera alikuwa mtaalamu wa njia na mtu wa heshima. Stephen Rockel ameyaeleza haya kwa kina katika kitabu chake kuhusu wapagazi, kilichotoka mwaka huohuo wa 2006.

Hata hivyo picha haikuwa nyeupe. Katika misafara hiyohiyo walikuwamo watu wa pwani waliojiita waungwana, na wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, wakigawana ujira na mabwana zao. Neno lilisema hivi, na hali ilisema vile. Na utajiri wa pembe uliwawezesha baadhi ya Wanyamwezi wenyewe kununua watumwa wa kuwalimia mashamba wao wakiwa safarini. Mpagazi huru angeweza kuwa bwana wa mtumwa. Hakuna swali la kuchagua jibu moja kati ya manne linaloweza kuubeba ukweli huo.

Ni lazima nieleze pia tulichokataa kukifanya. Mwanafunzi mmoja, kwa nia njema, alipendekeza kwamba siku ya pili wafungane shingo kwa kamba, waigize msururu wa mateka. Nilikataa. Kilo 32 zinaweza kupimwa, na anayezibeba anaweza kuzitua. Utumwa ni hali ya kutokuweza kutua, na mtu anayejua kwamba jioni atakula wali Gongoni hawezi kuigiza hali hiyo bila kuidhihaki. Kujifunza kwa vitendo kuna mpaka wake, na mpaka huo mwalimu ndiye anayepaswa kuujua kwanza.

4. Kosa langu

Sasa nafika katika jambo ambalo ningependa kulipita, lakini haki haitaki.

Dodoso tulilokwenda nalo kwa wazee nililitunga mimi. Swali la saba liliuliza kama katika ukoo wa mhojiwa kulikuwa na mtu aliyekuwa mtumwa. Nililiona kuwa swali safi, la moja kwa moja, lenye istilahi sahihi. Binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alilisoma kama lilivyoandikwa mbele ya bibi mmoja wa Gongoni aliyekuwa ameketi barazani pake. Bibi alinyamaza. Kisha akamwambia mjukuu wake ayatoe maji aliyowaandalia wageni, kwani wageni walikuwa wanaondoka.

Tulirudi tumeinamisha vichwa. Usiku ule nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kutunga dodoso. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Bibi yule alikuwa amevuka miaka themanini. Kwa hiyo swali langu halikuwa la karne ya 19 hata kidogo. Lilimhusu mama yake, na pengine liliwahusu majirani walioketi wakisikiliza. Mitaani watu huishi mlango kwa mlango, wameoana, wamezikana, na amani yao imejengwa juu ya maneno yasiyotamkwa. Mimi nilikuja na karatasi na kulitamka.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe na yule binti. Nilimwamkia, shikamoo bibi, nikamwomba radhi. Akatuambia tukae. Hatukuuliza chochote. Binti alimsaidia kukunja nguo zilizoanuliwa, na katika nguo hizo palikuwa na doti ya khanga. Bibi aliichukua, akaipima kwa mkono wake kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, mkono baada ya mkono, akahesabu minne, kisha minane, akasema kwamba zamani nguo ilipimwa hivyo, shuka mikono minne, doti mikono minane, na mtu alijua thamani ya jasho lake kwa mkono wake mwenyewe. Akaendelea kusimulia, bila kuulizwa, kuhusu mama yake aliyekuja kutoka mbali akiwa mdogo, asiyejua jina la kijiji chao, na aliyeijua nchi yake kwa wimbo mmoja tu wa kutwanga. Neno mtumwa halikutoka kinywani mwake. Alisema mama yake alikuwa mtu aliyeletwa.

Mtu aliyeletwa. Katika miaka yangu yote ya isimu nilikuwa sijalikuta katika kamusi yoyote fungu hilo la maneno kwa maana ile. Kitenzi leta, katika kauli ya kutendwa, bila kumtaja mtenda. Sarufi yenyewe ilikuwa imempa bibi nafasi ya kusema ukweli bila kumshitaki jirani. Dodoso langu, kwa usahihi wake wote, lilikuwa limeufunga mlango huo.

Binti yule aliomba ruhusa ya kuandika, akapewa kwa sharti kwamba jina lisiandikwe. Nami nalitii sharti hilo hadi leo.

5. Mapendekezo

Wenzangu, kazi ya namna hii si jambo jipya nchini mwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakiongozwa na walimu kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda vijijini kukusanya ushahidi wa wazee walioishi wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walikuwa wa shahada ya kwanza. Kazi zao zinasomwa na kutajwa na wataalamu hadi leo, na wazee waliowahoji hawapo tena. Kama wangesubiri hadi wapate shahada za juu, wangekuta makaburi. Kwa hiyo nashauri yafuatayo.

Mosi, idara za historia na za Kiswahili zishirikiane kutunga somo moja la uwandani. Vyuo vikuu vyetu hufundisha historia kwa Kiingereza. Mwanafunzi humhoji mzee kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwezi, kisha huandika ripoti kwa Kiingereza, na katika kuvuka huko hongo huwa kodi au huwa rushwa, na aliyeletwa huwa mtumwa. Ushahidi uandikwe na kuhifadhiwa kwa lugha uliyotolewa. Tafsiri ifuate baadaye. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa shule zetu zinafundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, na walimu wake ni wanafunzi wetu hawa.

Pili, mwanafunzi apimwe kwa daftari lake, pamoja na maswali aliyoshindwa kuyajibu. Tulipofika Kwihara tulikuta tembe linaloitwa la Livingstone, nalo ni jengo lililojengwa upya. Mwanafunzi bora siku ile hakuwa yule aliyelisifu, bali yule aliyeuliza kipi katika jengo hili ni cha zamani na tunajuaje.

Tatu, dodoso lisitungwe mezani. Litungwe baada ya kukaa na watu, kwa maneno yao wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa msomi ni kuyasikiliza maneno ya mwenye nyumba kabla ya kuleta ya kwake.

Nne, kilichokusanywa kirudishwe. Nakala ya masimulizi, kwa idhini ya wasimulizi, ibaki katika shule na maktaba za mahali yalikotoka.

Hitimisho

Yule kijana mwenye maneno mengi leo ni mwalimu wa sekondari. Tulipokutana miaka michache iliyopita alinieleza kwamba kila mwaka huwaletea wanafunzi wake kiroba cha mchanga darasani, na kabla hajawafundisha habari za misafara huwaacha wakibebe kwa zamu kuzunguka uwanja wa shule. Nikamuuliza, baada ya hapo huwaambia nini? Akanijibu kwamba hawaambii kitu. Husubiri waulize.

Bibi wa Gongoni alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Wimbo wa kutwanga wa mama yake umo katika daftari la yule binti, katika lugha ambayo hatujaitambua. Nimeuweka katika mikono ya wanafunzi wa isimu wa mwaka huu, na baadhi yao wamo ukumbini humu. Sauti chache, viambishi kadhaa, na jina moja la mto: pengine vitatosha kutuambia mtu aliyeletwa aliletwa kutoka wapi. Wakifanikiwa, jibu lao litapelekwa kwanza Gongoni, kwa mjukuu aliyetuandalia maji.